Moshi wa Kafuri Msibani

Hili jambo nikilisimulia huwa natazama chini, kwa hiyo hata ninyi mnaonijua msinitolee macho, nisikilizeni tu, kucheka mtacheka mkifika kwenu. Watu wengi hapa Tabora wameshalisikia kwa midomo ya wengine, na kila mmoja ameongeza chumvi yake (kuna jamaa anadai nililitia gari maji ya zamzam, mwongo mkubwa yule), sasa leo nalisema mwenyewe, maana ukweli peke yake umetosha kuniaibisha.

Mimi Shabani ni fundi wa makochi, na nina kigari cheupe nilichokinunua kikiwa kimeshachoka. Injini iliponoki nikakipeleka kwa fundi Mlekwa, ikashushwa, ikafunguliwa yote, ikawekwa ringi mpya, beringi mpya, gasketi mpya, kila kitu kipya isipokuwa akili yangu. Mlekwa akaweka rula juu ya silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, akachungulia, akaniambia, "Kaka, hii imepinda kidogo. Tuipeleke Mwanza ikachongwe." Nikamuuliza ni kazi ya muda gani, akasema kama wiki hivi, na mimi nilikuwa nimeshachoka kusomba mbao kwa baiskeli, nikamwambia kidogo si kitu, rudishia hivyo hivyo. Akarudishia.

Tangu hapo gari likawa linachemsha. Tukazibua rejeta, tukabadilisha kifuniko chake, tukang'oa thamostati tukaitupa, tukaunga feni moja kwa moja ili izunguke muda wote, tukafunga pampu ya maji nyingine, na kila tukimaliza linatulia siku mbili tatu halafu mshale unapanda tena mpaka kwenye nyekundu. Cha ajabu, maji yalikuwa yanapungua, lakini ukilala chini ya gari kutafuta yanakovuja huoni hata tone. Mlekwa akawa ananitazama tu bila kusema, nami nilijua anataka kusema nini, kwa hiyo nikawahi kumwambia kwamba safari hii limepona kabisa, nikalipa nikaondoka.

Wiki ileile, alfajiri, simu ikaita kutoka kijijini huko mbele ya Bukene. Alikuwa Hamisi, mtoto wa mjomba wangu, akasema baba yake amefariki usiku. Mjomba ndiye aliyekuwa kaka wa pekee wa Mama aliyebaki, wengine wote wametangulia. Mama hakupiga kelele. Alikaa kitandani, akajifunga kanga, akasema, "Nataka nimwone uso kabla hawajamfunga. Sitaki kingine." Hamisi akaahidi kwamba watatusubiri, wazike alasiri badala ya adhuhuri.

"Tupande basi la Mwanza," Mama akaniambia. "Tukishuka Nzega hatukosi gari la Bukene."

"Mama, gari lipo mlangoni, halafu uende kwenye msiba wa kaka yako umebanwa na magunia?"

Nilivyosema mtu angedhani ni huruma. Lakini moyoni nilikuwa naona picha ya mimi naingia kijijini na gari langu, nafungua mlango, Mama anashuka, watu wanaulizana yule ni nani. Mungu anisamehe, kwenye msiba mimi nilikuwa natafuta sifa.

Tukaondoka mimi, Mama na jirani yetu Bi Mwamini, mama wa makamo ambaye hajawahi kuwa na neno akalimeza. Kabla hatujafika Puge mshale ukaanza kupanda. Nikasimama, nikafungua boneti, mvuke ukanipiga usoni, nikasubiri ipoe, nikaongeza maji, tukaenda, likachemsha tena, nikasimama tena. Basi la Mwanza likatupita, limejaa, konda ananing'inia mlangoni anatupungia mkono.

"Lile si ndilo basi letu?" Bi Mwamini akauliza, kama hajui.

Mama alikuwa anahesabu tasbihi. Kila nikisimama alikuwa ananitazama mara moja, halafu anarudisha macho kwenye tasbihi. Nilikuwa nazima kiyoyozi na kuwasha hita (ndiyo, hita, jua la mwezi wa kumi likiwa utosini, maana Mlekwa aliwahi kuniambia kwamba hita inaipunguzia injini joto), tukawa tunatota jasho wote watatu kama tumetoka kuoga. Kutoka Nzega ikawa njia ya vumbi, na madumu yangu yote ya maji yakawa matupu. Hamisi akapiga simu mara ya kwanza, ya pili, ya mwisho akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, maiti hairuhusu tena. Fikeni."

Tukafika. Nasema tena, tukafika, jua likiwa bado lipo, na laiti ningeegesha gari barabarani nikashuka kwa miguu, hadithi ingeishia hapo. Lakini nilitaka nimfikishe Mama mpaka mlangoni, nikaingiza gari kwenye njia nyembamba yenye ua wa minyaa pande zote mbili, nikapita katikati ya wanaume waliokaa kwenye mikeka, na hapo mbele ya nyumba magurudumu yakazama kwenye mchanga na boneti ikaanza kufuka moshi. Mama akashuka, akapokelewa na wanawake kwa kilio. Wakamwambia kaka yake ameshapelekwa nyuma ya pazia kwa ajili ya kuoshwa, wanaume wanaanza sasa hivi, akishavikwa sanda ataletwa sebuleni wanawake wamuage kabla uso haujafungwa. Mama akakubali akaingia kusubiri.

Hamisi akanijia. Hakunisalimu. "Toa gari, jeneza litapita hapa."

Gari lenyewe limekauka maji, na watu wote wananitazama. Nikazunguka nyuma ya nyumba haraka haraka, nikaona kando ya pazia madumu mawili yamejaa na ndoo imefunikwa kitambaa safi. Sikuuliza. Ndugu zangu, ningemuuliza hata mtoto! Nikabeba dumu la kwanza nikaimwagia injini ipoe, la pili nikamimina kwenye rejeta, nusu ikimwagika mchangani, halafu nikaleta na ndoo nayo nikaimaliza. Ile ndoo ilikuwa na harufu, nikadhani ni dawa ya kusafishia maji (pua yangu ilikuwa imejaa mvuke tangu asubuhi). Nikapiga stata. Likawaka, nikakanyaga mafuta ili nijinasue, na kule nyuma bomba la moshi likatoa wingu jeupe, zito, likawafunika wazee wote waliokuwa kwenye mikeka.

Bi Mwamini alikuwa kwenye baraza. Akanusa, akashika mdomo, halafu akasema kwa sauti iliyosikika mpaka ndani, "Jamani, mbona moshi wa Shabani unanuka kafuri?"

Hamisi akakimbilia nyuma ya pazia, akarudi ameshika ndoo tupu, akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto, "Nani amechukua maji ya kumwoshea Baba?"

Hapo ndipo nilipoujua ugonjwa wa gari langu. Ile kafuri ya maji ya kuoshea maiti niliyoitia kwenye rejeta ilikuwa inatokea kwenye bomba la moshi, maana yake maji yalikuwa yanapenya kwenye gasketi iliyo chini ya hedi yanaingia ndani ya silinda, hedi ilikuwa imepinda vilevile kama Mlekwa alivyosema, na siku zote zile nilikuwa natafuta chini ya gari kitu ambacho injini ilikuwa inakinywa. Nikazima. Lilikohoa, halikuwaka tena.

Mzee mmoja akauliza kama inafaa kumtayamamisha marehemu kwa vumbi badala ya maji. Shehe akasema, "Maji yapo lamboni. Yafuatwe." Visima vilikuwa vimekauka, na maji ya majirani yalikuwa yameshapikiwa ubwabwa wa msiba, kwa hiyo vijana wakapanda baiskeli. Nilitaka kwenda nao, Hamisi akanizuia kwa mkono. "Wewe kaa." Nikakaa kwenye mkeka, na kila aliyekuwa karibu yangu akapata sababu ya kuhama.

Waliporudi jua lilikuwa linazama. Marehemu akaoshwa kwa haraka, nami nikaitwa nishike ncha ya shuka la kumsitiri, kwa sababu ni mpwa wake na haikuwa vizuri niachwe. Akavikwa sanda, akafungwa. Shehe akasema giza linaingia na makaburi yako mbali, hakuna tena muda wa kumpeleka sebuleni. Njia ya mbele ilikuwa imezibwa na gari langu, kati ya minyaa hata mtu mmoja asingepita vizuri, seuze jeneza, kwa hiyo wakalitoa kwa nyuma, kupitia shamba la mihogo. Nilibeba na mimi. Nilidhani Hamisi ameshamwita Mama amwone kabla hajafungwa. Hamisi alidhani nimemwita mimi.

Tulikuwa tumeshavuka shamba niliposikia sauti ya Mama. Nikageuka. Mama alikuwa amesimama mwisho wa nyumba, kanga imemdondoka begani, amenyoosha mkono kama mtu anayesimamisha gari barabarani. Watu walikuwa wanasoma shahada kwa sauti, jeneza linaenda, na mwanamke hafuati makaburini. Nikaendelea kutembea.

Mama hajawahi kunigombeza, na hilo ndilo linalonimaliza. Hedi nimeichongesha Mwanza, gari halichemshi tena, nalitumia kubebea mbao tu, na nimeapa kwa Mungu sitagusa maji ya mtu bila kuuliza ni ya nini, na mtu akiniambia tupande basi napanda, hata nisimame njia nzima.

Lakini wiki moja baada ya arobaini Mama aliniuliza, "Wewe ulikuwepo wakati wanamfunga. Alikuwaje?" Nikamwambia alikuwa ametulia. Akauliza kama ndevu zilikuwa zimechanwa, nikasema ndiyo. Akauliza lile kovu la kwenye paji la uso, alilolipata wakiwa watoto, kama bado lilikuwa linaonekana. Nikasema lilionekana, Mama. Ukweli ni kwamba muda wote nilioshika lile shuka nilikuwa nimeinamisha kichwa kwa aibu, naangalia miguu yangu, uso wa Mjomba sikuuona. Mama huniuliza tena kila baada ya siku chache, na anapenda niongeze kitu, nami naongeza. Jana nilimwambia alikuwa anatabasamu.