Tela Lililoendesha Gari

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kazi ya kushika usukani wa gari lisilo na injini. Msicheke! Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, cheti changu nimekikunja kwenye pindo la kanga, nikaingia karakana ya serikali pale Morogoro nikidhani nitapewa spana. Mkuu wa Karakana, mtu mnene aliyeita watu "mheshimiwa" pale tu alipokasirika, alinipandisha kwenye jipu kuukuu, mwenyewe akajilaza chini na kuanza kulitikisa tairi la mbele. "Shika kwa vidole, binti, hukamati kuku hapo!" akapaza sauti. "Haya, umesikia nini?" Nikasema sijasikia kitu. "Basi endelea kushika, mheshimiwa Redempta."

Nikaendelea. Mkono ulikuwa umeanza kufa ganzi nilipohisi kitu: tairi linatangulia kwenda, usukani unachelewa kidogo ndipo unafuata. Kuna mwanya! Nilipiga yowe hadi mafundi wa upande wa pili wakageuka. Mkuu akatoka chini uso mzima grisi, anacheka. "Huo mwanya ndio utakaokulisha," akaniambia. Na kweli umenilisha, umesomesha watoto wangu, na umenijengea nyumba ninamokaa nikiwaandikia haya.

Kwa ninyi vijana mnaochomeka kompyuta kwenye gari na kusubiri liwaambie linaumwa wapi, nawaeleza. Kati ya usukani na tairi kuna vyuma vimeshikana mikono. Kuna boksi la stelingi linalopokea mzunguko wa mkono wako, kuna vyuma virefu tunavyoita tairodi vinavyosukuma magurudumu, na kila kiungo kina kitufe cha mviringo kinachocheza ndani ya kikombe chake, hicho ndicho boljointi. Kikilika kimoja, gari zima linakuwa kama mlevi. Fundi wa zamani alikuwa anavipapasa kimoja kimoja, anamwambia mwenzake "tikisa," naye anaweka kidole kwenye kiungo na kusikiliza.

Kituo changu cha kwanza nje ya mji kilikuwa Gairo. Huko dereva wa Bwana Kilimo aliniletea jipu akiapa kwamba limerogwa: kwenye kona za lami usukani unakaza na matairi yanalia. Nikachungulia ndani, nikaona kile kifimbo cha pili cha gia kimewekwa mbele. Jamani! Alikuwa ametoka kwenye matope ya mashambani na gari linavuta kwa magurudumu manne, tuliloita fowili, akaingia nalo barabarani vilevile. Kwenye kona, magurudumu ya mbele na ya nyuma hayatembei mwendo sawa. Matope yanayaacha yateleze yamalize ugomvi wao. Lami hairuhusu, basi yanavutana na usukani unakuwa mgumu. Nikakirudisha kifimbo. "Nenda, umepona." Dereva yule alinitangaza kuwa mganga, na foleni haikukatika tena.

Kutoka Gairo nikahamishiwa Dumila, chini ya Msimamizi wa Kituo, mrefu, mkavu, hasemi mara mbili. Yeye ndiye aliyenifundisha kuchunguza gari linalovuta tela. "Wakija wawili wanaumwa, utawapa dawa moja?" aliniuliza. "Hapana, mzee." "Basi fungua tela kwanza, endesha gari peke yake. Likitulia, usimsumbue asiyeumwa." Mimi na haraka zangu nilimwona mzee anachelewesha kazi. Lakini nilifanya, kwa sababu pale Dumila hukufanya, ulifua ovaroli za kituo kizima.

Halafu ikaja ruksa. Walio wadogo hawajui neno hilo lilivyobeba dunia! Biashara zikafunguliwa, maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti yakajaa vitu, magari ya mitumba kutoka Japani yakamwagika mjini. Upande wa pili, karakana zetu zikafungwa moja baada ya nyingine, tukapewa kiinua mgongo na mkono wa kwaheri. Nililia siku moja, ya pili nikamtafuta Hamisi, mchomeleaji niliyefanya naye kazi, mtu wa swala tano na mzaha usioisha. Tukakodi uwanja, tukapiga uzio wa mabati, tukaandika GEREJI kwa rangi nyekundu. Ee bwana, nilijiona waziri!

Mteja wetu mkubwa wa kwanza alikuwa kikundi cha wakulima wa mboga kutoka kijijini nilikozaliwa, juu milimani Uluguru. Kila msimu wachuuzi walipanda na malori yao wakati wa kiangazi, wakapanga bei wenyewe, mvua ikinyesha hawaonekani na mboga zinaoza. Wakulima wakachanga, wakanunua kivani cha mtumba, wakatuletea. "Kifanyeni kipande mlima." Kivani chenyewe kifupi, tumbo linagusa vumbi! Tukachukua difu ya mbele, yenye gia za kuzungusha magurudumu, na boksi la gia kutoka jipu lililokufa, tukainua springi, Hamisi akachomelea, mimi nikafunga. Nyuma tukakitundikia tela la magurudumu mawili lenye sanduku la mabati na mlango kisogoni. Dereva alikuwa Klementi, mdogo wangu wa tumbo moja.

Ugonjwa wa kwanza ulitokea upesi. Kivani kikipiga jiwe, usukani unatetemeka hadi meno yanagongana. Nikafanya kama Dumila, nikafungua tela, nikaendesha mwenyewe: kinatetemeka vilevile. Basi ugonjwa ulikuwa mbele. Tulipoinua springi, difu ilikuwa imeinama, na magurudumu yakapoteza ile tabia ya kujirudisha katikati yenyewe. Tukachonga kabari za chuma, tukazibana kati ya springi na difu ili ikae mkao wake, tukabadilisha na boljointi mbili. Kivani kikatulia! Nilicheza ngoma peke yangu uwanjani, Hamisi ananipigia debe la rangi.

Furaha ile haikufika wiki. Klementi akarudi kwa miguu kutoka mlimani, rangi imemtoka. Aliketi kwenye tairi, akaomba maji, akasema, "Dada, usukani umenikataa." Alikuwa anateremka na mzigo, mwendo wa kawaida, mara gari likaanza kuyumba, nyuma ikaenda kulia, ikaenda kushoto, akizungusha usukani ndiyo linazidi. Gurudumu moja la tela lilikuwa limening'inia juu ya korongo. Chini ya korongo lile kuna mto na mawe.

"Siendeshi tena," akasema. Baadaye kidogo akasema, "Lakini kikundi kimesema Jumamosi mboga zisipofika sokoni, wanarudisha kivani kwa aliyewauzia na kumwita mchuuzi. Nitaendesha. Nitafanyaje?" Nilimwangalia, mtoto niliyembeba mgongoni, mkewe ana mimba kubwa. Kivani nilikipenda, gereji niliipenda, lakini sikuwa tayari kumpoteza ndugu yangu kwa magunia ya viazi.

Tukapanda mimi na Hamisi na vifaa vyake vya kuchomelea, wanakijiji wakatusaidia kulivuta tela kutoka ukingoni. Nikaendesha kivani bila tela, kupanda na kushuka, hata mkono mmoja unatosha. Basi ugonjwa ulikuwa kwenye tela! Nikalala chini ya kiungo, pale mkono wa tela unapoingia kwenye mataya mawili ya chuma na kufungwa kwa pini ya kusimama. Kwa kawaida mkono huo unalalia taya la chini. Taya la chini lilikuwa na grisi yake na rangi yake. Taya la juu limekwanguliwa linang'aa! "Hamisi!" nikapiga kelele. "Linanyanyua! Hili tela linanyanyua matako ya gari!" Hamisi akasema, "Dada, sema 'sehemu ya nyuma', tuko kijijini kwa wazee."

Maana yake ni hii. Tela likizidiwa uzito kisogoni, linakuwa kama ubao wa kubembea: nyuma inashuka, mkono wa mbele unapanda, unainua nyuma ya gari na matairi ya nyuma yanakuwa mepesi. Kwenye mteremko mkia unapiga huku na huku, dereva anaona usukani unamkataa, kumbe usukani hauna kosa. Tela ndilo lililokuwa likimwendesha.

Ijumaa nikasimama kuangalia wanavyopakia. Kwanza matenga ya nyanya na mboga za majani, mbele kabisa. Mwisho, kisogoni, magunia ya viazi, mazito, ya mama mkubwa Sesilia. Huyu ni dada mkubwa wa mama yangu, na kwetu ukoo unakwenda kwa mama, ardhi ni ya ukoo, kwa hiyo mkubwa wa akina mama ni mkubwa kwelikweli. Zamani walipoteremka kwa miguu na mizigo kichwani, yeye alitangulia njia, wengine nyuma. Hakuna aliyeuza kabla yake. Na kwenye tela, kinachopakiwa mwisho ndicho kinachotoka kwanza.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunihamisha, nasikia."

"Siyo wewe, mama. Ni viazi tu."

"Viazi vyangu na mimi ni kitu kimoja," akajibu.

Sikubishana. Nikaweka mawe kwenye magurudumu ya tela, nikawaambia watu wakae mbali, nikamwomba Klementi achomoe pini na Hamisi asogeze kivani mbele kidogo. Lahaula! Mkono wa tela ukaruka juu, kisogo kikabwagika chini, gunia likapasuka, viazi vikatiririka hadi kwenye matuta ya kabichi. Watu wakakimbia, wakarudi, wakacheka kwa hofu. Nikamwonyesha Klementi aliyekuwa amesimama na pini mkononi. "Mama mkubwa, jinsi ulivyoona mkono huo ukiruka, ndivyo unavyomrusha huyu kwenye kona ya korongo. Kesho anateremka nao."

Mama mkubwa alimtazama Klementi. Kisha akasema polepole, "Nimeona. Lakini nikiwekwa mbele, nitatoka wa mwisho. Na nikishatoka wa mwisho mara moja, Redempta, ndiyo basi. Hata nikifa watanizika wa mwisho." Hakuwa anatania. Nilimwelewa, maana mimi pia nilikuwa nimeondolewa karakana niliyoitumikia, najua kuambiwa pisha.

Nikalizunguka tela lile. Nikalizunguka tena. Nikasimama ubavuni, karibu na mbele, nikaligonga bati kwa ngumi. Mungu wangu, nilisikia mwili mzima unasisimka! "Hamisi! Lete mtambo wa gesi. Kata hapa!"

"Nikate tela jipya?"

"Nimesema kata!"

Akaelewa, akaanza kucheka hata kabla ya kuwasha moto. Alikata mlango ubavuni, mbele ya gurudumu, akaufungia bawaba na komeo, na mlango wa kisogoni akauchomelea usifunguke tena. Sasa mboga nyepesi zikaingia kwanza na kusukumwa nyuma, viazi vya mama mkubwa vikaingia mwisho vikakaa mbele, juu ya ekseli, ule mhimili wa magurudumu, na mbele yake kidogo, mlangoni kabisa. Tukaupima mkono wa tela kama inavyotakiwa: mtu mmoja aunyanyue, lakini akunje uso. Hamisi akaunyanyua akakunja uso hadi watoto wakamcheka. Hiyo ndiyo dalili njema.

Jumamosi nikakaa kando ya Klementi. Sikuwa na haja, ila nilisema kama ni korongo basi twende wote. Mama mkubwa akapanda katikati yetu bila kualikwa. Tulipoikaribia kona, Klementi akakaza mikono, nikaona jasho kwenye shingo yake. Akaingia. Gari likageuka, tela likafuata nyuma kimya, taratibu, kama mbuzi aliyefungwa kamba. Hatukuyumba hata kidogo! Klementi akapiga honi kona nzima, na mimi nikapiga vigelegele hadi sauti ikakauka.

Sokoni wachuuzi walisogea kisogoni mwa tela kama kawaida yao. Mama mkubwa akawapita, akafungua komeo la ubavuni kwa mkono wake, gunia lake likatoka la kwanza. Akakaa juu yake, akamwita mdogo wangu. "Klementi, gari hili linarudishwa kwa nani?" Klementi akashikwa na kigugumizi. "Si… si walisema…" "Walisema akina nani? Panda juu, kuna karoti zimebaki."

Sasa nimestaafu. Gereji wanaiendesha wengine, na mimi magoti hayaniruhusu kulala chini ya gari. Vijana wakija nawaambia wafungue tela kwanza, wapapase kabla ya kubadilisha, na gari likiwashinda wakaangalie watu wanavyolitumia, maana mwenye gari naye ana sababu zake, na sababu hizo huzikuti ukiwa uvunguni. Wengine wanasikia, wengine wanachezea simu.

Klementi naye amezeeka, ana wajukuu. Kila Jumapili akitoka kanisani anapita kwangu, na kila nikisimulia habari hii ananikatiza: eti ni yeye aliyeliona taya la juu, eti wazo la mlango lilikuwa lake, eti mimi nilikuwa nalia tu. Mwongo mkubwa! Tunabishana mpaka chai inapoa na majirani wanachungulia. Mwisho huwa namwachia ushindi. Abishe tu anavyotaka, abishe hadi jioni. Korongo lile lingemchukua, Jumapili hizi ningebishana na nani?