Kijembe cha bibi na neno la padre

Jamani, leo Kilatini kimeingia jikoni kwa bibi.

Padre alitutembelea hapa Mukuju, nikamuuliza asili ya neno la Kiingereza “abuse”. Akasema siku hizi ni matusi, ni mateso, lakini mizizi yake ni Kilatini, “abuti”: kutumia vibaya, au kutumia kitu mpaka kiishe.

Bibi akainuka.

Akaleta kijembe chetu cha kupalilia karanga. Kimelika, kimebaki kama kiganja. (Mimi hukicheka kila msimu!)

“Hii ilikuwa jembe kubwa ya baba. Wakati wa Mwingereza alilazimishwa kuchimba nayo barabara ya Tororo, bila malipo. Chuma imebaki hii.”

Padre akauliza taratibu, “Na mzee mwenyewe?”

“Yeye aliisha kabla ya jembe.”