Nilitoa kitanda cha mwanangu ili mti wa Krismasi uenee

Admin nifiche jina, hata jina la ninapofanyia kazi usiweke. Mimi ni mwanaume wa miaka 44, niko Iringa. Shule niliishia la nne, nikikosea kuandika mnisamehe. Nafanya kibarua cha kupakia magogo na mbao huku Ipogolo. Mke wangu alifariki mwaka juzi, akaniachia mtoto mmoja wa kike, saivi ana miaka nane. Tangu msiba mtoto yuko Idodi kwa mdogo wake na marehemu, yaani shemeji yangu.

Mi na shemeji tulikubaliana hivi. Krismasi hii mtoto aje kwangu, akae mpaka mwaka mpya. Ikionekana kunakalika, Januari namhamishia shule ya huku, tuishi wote. Shemeji alisema, "Nataka nione mwenyewe anapolala, basi." Nikasema sawa. Nikachongesha kitanda cha futi tatu, nikanunua na shuka la maua. Nimepanga chumba kimoja Mlandege, futi kumi kwa kumi. Kitanda changu upande huu, chake upande ule, katikati njia. Kilienea vizuri tu.

Shida ni mti. Marehemu kila Krismasi alikuwa anaweka mti ndani. Hata mwaka ambao nyama hamna, mti upo. Mwaka jana mtoto alikuja siku moja, mi nikavunja tawi nikachomeka kwenye ndoo ya mchanga. Akaliangalia. Akasema, "Baba, hili ni tawi." Hakulia wala nini, ila iliniuma mpaka leo. Mwaka huu nikamwambia kwenye simu nakuwekea mti mzima, unafika juu kabisa. Nikasikia anawatangazia wenzake.

Sasa sisi watu wa magogo mti tunapima shina. Urefu na unene, basi. Matawi kwetu ni uchafu, tunayaacha shambani. Nikapima chumba kwenda juu na mpini wa fagio, futi nane na kitu. Tulipoenda kupakia nikamwomba msimamizi, akanipa paina mmoja mchanga. Nikapima, futi saba na nusu. Nikajiona fundi. Wenzangu wakaufunga kamba chini mpaka juu, ukalala kwenye lori kama mkeka uliokunjwa. Mlangoni ukapita bila shida. Nikausimamisha kwenye ndoo, nikakata kamba.

Ukafunguka jamani. Matawi yakagusa kuta tatu. Yakalala juu ya vitanda vyote viwili. Mlango wa pili kuna jirani yangu, mama mmoja anaishi na binti yake mdogo. Akachungulia akasema, "We baba, umepanga chumba au umepanga msitu?" Tukacheka. Ningeukata pale pale yangeisha. Ila nilishaahidi unafika juu. Nikawaza mtoto atalala kitandani kwangu, mi nitalala chini, siku chache tu. Nikatoa kitanda chake. Jirani akasema nikiweke kwake kisinyeshewe. Nikaweka, na shuka lake juu.

Jumamosi mtoto na shemeji wakafika. Mwanzo ilikuwa furaha tupu. Mtoto akaingia chini ya matawi, anapiga kelele, "Mamdogo njoo uone, umefika juu kweli!" Halafu akatoka, akaangalia upande ule. "Kitanda changu kiko wapi?" Nikasema kipo kwa jirani. Akakimbia kukiona. Akamkuta binti wa jirani amelala juu yake, kajifunika lile shuka.

Alirudi. Akauliza, "Baba, umempa yule?" Nikasema hapana, ni mti. Hayo tu ndo yalitoka. Shemeji kasimama mlangoni, anaangalia kule kwa jirani. "Kumbe. Mama mwingine yupo, mtoto mwingine yupo, sisi tunaitiwa kuangalia mti." Nikasema shemeji sio hivyo. "Sio hivyo ni vipi? Si useme!" Nikaanza kusukuma matawi pembeni. Jirani akatoka anitetee, "Dada, huyu baba hana shida, mi namjua vizuri." Ndo akaharibu kabisa. "Eeh, unamjua vizuri! Tumesikia." Shemeji akamshika mtoto mkono, wakarudi na gari la mchana ule ule. Mtoto hakugeuka.

Mi sijui kuongea. Nipe gogo nibebe, usinipe maneno. Hata kwa ndugu zake, mke wangu ndo alikuwa ananisemea.

Walipoondoka nikachukua msumeno. Mti nimeukata unanifika kifuani, matawi nimepunguza, nimeusukumia kona. Kitanda nimekirudisha. Vyote vimeenea na njia ipo, dakika ishirini tu kazi imeisha. Mtu wa kumwonyesha ndo hayupo. Shemeji nikipiga hapokei. Juzi alipokea mara moja, akasema ukoo utakaa kikao baada ya sikukuu, mtoto abaki kwao moja kwa moja. Nikaomba niongee na mwanangu. Nikamsikia kwa mbali, "Mwambie nimelala." Ilikuwa saa nne asubuhi.

Jirani anasema twende wote Idodi, akaeleze mwenyewe na binti yake wamwone. Naona nikifika na huyo mama ndo nimethibitisha. Kaka yangu yuko Mbeya, yeye anasema subiri wapoe. Wakipoa si watakuwa wameshakaa kikao? Nikienda peke yangu najijua. Nitakaribishwa, nitakaa, nitakunywa chai, nitaaga. Kitu sijasema.

Krismasi ni wiki hii. Nishaurini ndugu zangu, hasa nyie akina mama, niende na nani? Na nikifika nianzie wapi? Msiniambie tu "ongea nao". Niandikieni maneno yenyewe, nitayakariri kwenye gari.