Alama za Tairi Zilizoingia Mtoni

Fsss. Sauti ya upepo ukitoka kwenye tairi la baiskeli bado hunikausha mate, na mimi sasa ni mwanamke wa miaka arobaini na ushee, mwalimu wa shule ya msingi huko Tawa, mtu wa kuogopwa na watoto wa watu. Nikiisikia tu, narudi nyumbani kwetu nje ya Mutomo, mwaka ule wa kiangazi nilipokuwa darasa la sita. Namwona mama yangu, ambaye kwa Kikamba chetu tulimwita Mwaitu, amechuchumaa kando ya baiskeli ya baba. Anafungua valvu, upepo unatoka wote, halafu anachomoa kile kimpira chembamba kinachozuia upepo usitoke na kukifunga kwenye pindo la leso yake, pale wanawake wengine wanapofunga sarafu. Bila kimpira hicho baiskeli ni chuma tu. Alikaza fundo kwa meno, akaniangalia, akasema, "Haya, panda sasa tukuone."

Kosa langu lilikuwa kuiendesha. Baba alifanya kazi Mombasa na kurudi Krismasi, na baiskeli yake ilikaa ghalani imefunikwa gunia. Nilianza kuiiba kila Mwaitu alipokwenda shambani. Kwanza nilipitisha mguu chini ya paipu ya katikati, baiskeli ikiwa imeinama upande, baadaye nikawa napanda juu kabisa na kusimama kwenye pedali, kwa sababu kiti sikukifikia. Njia yangu ilikuwa ya mkato: unateremka katikati ya mikonge na miiba, unavuka mto wetu wa mchanga, mkavu kiangazi chote, unapanda ng'ambo hadi Mutomo. Barabara kubwa ilizunguka mbali sana kufuata daraja, karibu mara mbili ya mwendo. Kwenye mchanga tairi huzama, lakini mimi nilijua siri ya pale: wachota maji walikuwa wametandaza mabua ya mtama kwenye kivuko chao, na ukipita juu yake bila kusita unafika ng'ambo ukiwa bado umepanda. Nilijiona fundi kwelikweli. Jumapili moja mke wa pasta alimwambia Mwaitu, mbele ya kina mama wote, kwamba msichana wa kwaya hapanui miguu juu ya baiskeli. Nilichapwa, na kimpira kikahamia kwenye leso.

Wiki mbili baadaye, asubuhi, mdogo wangu Musyoka, aliyekuwa na miaka sita, alitumwa kuvuta mabua ya kulisha mbuzi. Chini ya rundo alikuwa amelala moma, yule nyoka mnene mvivu asiyemkimbia mtu. Nilisikia ukelele mmoja tu. Mguu ulianza kuvimba nikiutazama, ngozi ikang'aa, na Musyoka, aliyekuwa akilia hata kwa kunyimwa sukari, hakulia. Hapo ndipo nilipoogopa. Mwaitu alimfunga kitambaa juu ya kifundo huku majirani wakijaa uani. Mzee mmoja wa kanisa alifika na Biblia yake na kusema tuombe kwanza. Mwingine akasema asubiriwe kijana mwenye mkokoteni wa punda, atarudi saa sita. Mwaitu akasema, "Nyinyi ombeni. Mtoto anaenda hospitali Mutomo."

Alikuwa ameshashika pindo la leso, anang'ang'ana na lile fundo. Lilikataa. Akalifungua kwa meno, vilevile alivyolifunga, akanitia kimpira mkononi. Hakusema kwamba amenisamehe. Alisema, "Pita barabarani. Usipite mtoni. Umenisikia, Mwende?"

"Nimesikia, Mwaitu."

Nilipiga pampu mpaka mikono ikaniuma. Musyoka aliwekwa kwenye keria, na Mwaitu akatufunga sisi wawili pamoja, kifua chake mgongoni kwangu, kwa leso ileile nyekundu yenye maua ya manjano, ili usingizi ukimchukua asianguke. Yeye mwenyewe angekuja nyuma kwa miguu. Hakuwahi kupanda baiskeli maishani mwake. Nilipotoka pale uani nilisikia sala imeanza nyuma yangu, na juu ya sala ile sauti ya Mwaitu ikisema, "Kanyaga, mama, kanyaga!"

Kwenye njia panda nilitua mguu mmoja chini. Musyoka alikuwa amenitapikia shingoni, na kichwa chake kilikuwa kizito begani kwangu, kizito kupita kawaida. Kulia ilikuwa barabara na lile zunguko lake refu. Kushoto ilikuwa njia yangu, ninayoijua kila jiwe. Najua nilichofikiri, sitadanganya: nusu nilifikiri juu ya mguu wa Musyoka, na nusu nilitaka waone, mke wa pasta na wote, kwamba mimi naweza. Nikakata kushoto. Mbali, juu ya vilima, mawingu yalikuwa meusi tititi na umeme ukimulika ndani yake. Mtu wa mahali pengine angeyaona akageuza baiskeli. Sisi mvua ilikuwa imetukosa misimu miwili, na nilichofanya mimi ni kufurahi. "Musyoka, angalia, mvua!" nilimwambia. Kichwa chake kikazidi kunilemea. Mtoni wanawake wanne walikuwa wameinama kwenye visima vya mchanga na mitungi yao, na mmoja wao, Kamene, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kwaya, alikuwa amesimama anapigia vilima vile vigelegele. Tulikuwa tumeiomba mvua muda mrefu mno hata tukasahau kuiogopa. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza maji yale yakishuka yatapita wapi.

Niliingia mchangani kwa kasi, nikitafuta mabua yangu. Hayakuwepo. Mbuzi wenye njaa walikuwa wameyala yote. Tairi likazama papo hapo, nikaruka chini Musyoka akining'inia mgongoni, nikaanza kusukuma. Kila hatua nilizama hadi kifundoni. Tulikuwa katikati kabisa niliposikia mngurumo, nikadhani ni lori barabarani. Kisha nikasikia harufu ya tope bichi, harufu ambayo hatukuwa nayo mwaka ule, na wanawake wakaanza kupiga mayowe na kukimbilia ng'ambo. Maji yalipinda kona ya mto yakiwa ya rangi ya chai ya maziwa, na mbele yake yakisukuma povu, kuni na mzoga wa mbuzi. Kamene aligeuka akaniona. "Wacha baiskeli! Wee msichana, wacha hiyo baiskeli!" Sikuiacha. Mimi ni mbishi tangu tumboni, na tena hospitali ilikuwa bado mbali na nisingeweza kumbeba Musyoka hadi huko. Maji yalinifika vifundoni yakiwa baridi, kisha magotini, kisha nikahisi gurudumu la nyuma linanyakuliwa. Kamene alirudi. Alirudi ndani ya maji yale, mwanamke wa watu, akashika usukani kwa mkono mmoja na kunivuta nywele kwa mwingine, na tukaanguka sote watatu na baiskeli juu ya mizizi ya ng'ambo. Mitungi yao yote ilikuwa inaelea inakwenda zake. "Una wazimu wewe!" alinifokea, halafu akauona mguu wa Musyoka, akaisimamisha baiskeli. "Panda. Nenda."

Nilifika hospitalini nikiwa nimelowa, sina sauti. Muuguzi alitufungua ile leso, akakilegeza kitambaa cha mguuni huku akinung'unika kwamba kimekazwa mno, na Musyoka akachukuliwa ndani. Baada ya muda alitoka akaniambia wamemdunga dawa na kwamba nimemfikisha kwa wakati. Niliketi sakafuni, leso mapajani, nikaanza kufurahi. Kisha nikakumbuka. Njia ya kwetu ilikuwa vumbi laini, na hakuna baiskeli nyingine iliyokuwa imepita asubuhi ile. Mwaitu alikuwa anakuja nyuma. Angefika njia panda, angeangalia chini, na angeona nilikokata. Angefuata alama za tairi langu mpaka zinapoingia majini. Niliinuka nikataka kurudi, muuguzi akanizuia akasema mto umejaa ukingo hadi ukingo, hata daraja limefunikwa, hakuna anayevuka. Sijawahi kuona mchana mrefu kama ule. Kila mlango ulipofunguliwa moyo wangu ulipaa, na kila mara alikuwa mtu mwingine.

Alifika jua likielekea kuzama. Alikuwa amelowa hadi kiunoni, mikono imechanika kwa miiba, kichwa wazi. Alipita moja kwa moja hadi kitandani kwa Musyoka, akaweka kiganja puani pake, akahisi pumzi. Kisha akaja kwangu akanizaba kofi ambalo bado nalisikia, na kabla sijalia akanikumbatia kwa nguvu hata nikakosa hewa. "Nilikuwa natafuta leso," alisema. "Kila kichaka, kushuka na mto. Natafuta leso yangu tu." Alikuwa ameutafuta ule wekundu kwenye kingo za mto tangu saa tano, mpaka maji yalipopungua kelele na Kamene, aliyekuwa anasaka mitungi yake ng'ambo, akamwona na kumpigia ukelele kwamba watoto walivuka. Nilimwomba msamaha. Hakutoa chozi. Aliichukua leso mapajani mwangu, akatoka nje kwenye ukuta nilikoegemeza baiskeli, na nikasikia fsss.

Siku hizi barabara ya kutoka Kibwezi kupitia Ikutha na Mutomo hadi Kitui ni lami safi, na wikendi hupita makundi ya waendesha baiskeli kutoka Nairobi, kofia ngumu kichwani, nguo za kubana zilizojaa rangi. Wanawake ni wengi miongoni mwao, na wake wa mapasta wanawapungia mkono. Anayewaongoza mara nyingi ni Musyoka, mwenye kovu la kifundo linalong'aa juu ya soksi. Yeye ndiye huwachorea njia kwenye simu, wapi lami, wapi vumbi, wapi kuna maji ya kunywa. Pale nilipovukia pana daraja, na wao husimama juu yake kupiga picha za mchanga. Mwaitu, ambaye sasa anaishi kando ya lami, huweka kigoda chake nje asubuhi na kuwahesabu wakienda. Jioni huwahesabu wakirudi. Hesabu isipolingana haingii ndani, hata umwambie nini. Watoto wetu humcheka.

Desemba iliyopita niliendesha pamoja nao. Tulipita kumi na wawili. Wakati wa kurudi mwiba ulinitoboa tairi kwenye njia ya vumbi, nikawaambia watangulie, mimi nitaziba mwenyewe, ubishi haujaniisha. Musyoka alinisimulia baadaye. Walipofika kumi na mmoja Mwaitu alisimama akaenda hadi katikati ya barabara. Musyoka akamwonyesha simu, akamwambia, "Mwaitu, si huyu hapa, hii nukta ya buluu ndiyo yeye, anakuja." Hakuiangalia. Alikuwa ameinama, anaangalia lami, ambayo haishiki alama ya tairi yoyote.

Nilipotokea kwenye kona alikuwa bado pale, pindo la leso mdomoni. Nikashuka. Alinigusa uso, akagusa tairi la nyuma, akasema, "Kumi na wawili." Kisha akaketi palepale ukingoni mwa barabara, mbele ya wageni wote wa Nairobi, akalia kile kilio alichokosa kulia siku ile.