Kikombe Nilichokiacha Kimejaa

Walisema sitafika popote. Mjomba alitangaza mbele ya watu kwamba diploma ya majokofu kwa mtoto wa Njombe ni kupoteza ada, maana Njombe yenyewe ni jokofu. Mwezi wa Juni unaacha maziwa dirishani na asubuhi unayakuta salama. Niliposema basi nitakwenda Dubai kwenye joto, wakacheka zaidi. Wachache walinikopesha nauli. Mjomba alikuwa mmoja wao, ila alinipa huku akisema pesa hiyo anaitupa.

Leo nina karakana yangu mjini, na vijana wa chuo huletwa kwangu kujifunza. Nalisema hilo bila haya, kwa sababu nyumbani hakuna aliyeniamini. Lakini nikiikumbuka Dubai, kinachonijia kwanza ni uchovu.

Jioni ninayoikumbuka kuliko zote nilitokea juu ya paa la jengo moja Deira, nilikoshinda juani nikibadilisha kompresa ya kiyoyozi. Mkataba wangu ulikuwa ukingoni. Arbab, yaani bosi wangu, alikwisha kusema khalas, haongezi. Deni hata moja nilikuwa sijalipa, na kurudi nyumbani hivyo kungekuwa kumpa mjomba hadithi ya kusimulia mpaka azikwe.

Tumaini langu lilikuwa mzee mmoja wa Kijapani mwenye izakaya ndani ya hoteli huko Garhoud. Siku chache kabla nilikuwa nimemfufulia jokofu ambalo mafundi wawili walishalitangaza maiti. Alikuwa anatafuta fundi wa kudumu, akanialika chakula. Nilijua naitwa kupimwa.

Izakaya ni kilabu cha pombe kama vilabu vyetu, ila kisafi zaidi na watu hawaimbi. Unakunywa, unaletewa vyakula vidogo vidogo, unakunywa tena. Nililetewa taulo ya moto, nikafuta mikono, kisha uso, na kama si aibu ningelala humo humo. Tulikaa kaunta, mbele ya jiko la mkaa. Ikaja mishikaki ya kuku, zikaja soya changa kwenye maganda yake, zimechemshwa kwa chumvi. Mzee aliweka funguo zake mezani kati yetu, akanimiminia sake, pombe yao ya mchele, kwenye kikombe kidogo kama cha kahawa.

Kwetu mgeni akipewa kikombe hukimaliza. Ukikirudisha na pombe ndani, umemwambia mwenyeji kwamba pombe yake ni mbaya. Nikamaliza. Akajaza. Nikamaliza, akajaza tena. Mimi nimekulia kwenye ulanzi, pombe yetu ya mianzi, si mtu wa kuyumbishwa na maji ya mchele, lakini mwili ulikuwa umechoka tangu kabla sijakaa. Macho yalianza kujifumba. Nilijibana paja chini ya kaunta na kuendelea kuwa na adabu. Mzee naye alikuwa hatabasamu tena, na kila alipoinua chupa aliinua polepole zaidi.

Mhudumu alikuwa dada wa Kikenya, kutoka Nakuru. Alipoinama kuchukua sahani alininong'oneza kwa Kiswahili.

"Kaka, unakunywa hivi kwa nini?"

Nikamwambia siwezi kumkosea mzee wa watu.

"Nyinyi Watanzania na adabu zenu. Hapa kikombe kikiwa tupu kinajazwa, ni lazima. Ukitosheka unakiacha kimejaa. Huyu mzee ameniuliza kama akikupa funguo za stoo utatengeneza friji ama utamaliza stoo."

Usingizi wote ukaniruka. Stoo hiyo ndiyo ilikuwa na majokofu yake, na ndani ya majokofu kulikuwa na chupa za bei ambayo sikutaka hata kuiuliza. Kumbe adabu yangu ilikuwa inanifukuza kazi kabla sijaipata.

Mzee akajaza. Nikaufunika mdomo wa kikombe kwa kiganja, nikakisogeza mbele kikiwa kimejaa, nikakiacha. Nikamweleza kwa Kiingereza desturi ya kwetu, taratibu, maana ulimi ulikuwa mzito. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka hadi mpishi akageuka.

"Mimi nilidhani wewe ni pipa," akasema.

Nikamjibu kwamba mimi nilidhani ananilazimisha. Akakiri kuwa naye alikuwa hoi, alitamani kwenda kulala tangu mishikaki ya kwanza. Tukaegemea kaunta kama wazee wawili, kikombe kimejaa mbele yetu. Kisha akazisukuma funguo upande wangu. Viza yangu iliyofuata aliitoa yeye, na sikuwahi kupoteza hata chupa moja.

Siku niliyomaliza madeni yote tulikuwa sebuleni kwa mama, Njombe, mimi na wote walionikopesha. Mjomba nilimwacha wa mwisho. Kabla sijamkabidhi chake alimimina ulanzi, akaonja, akanipa. Nikanywa funda moja, nikaweka chini kikombe kikiwa bado kimejaa. Dubai ilikuwa imeniingia.

Mjomba alikitazama, akanitazama. "Mpwa wangu, siku hizi pombe yetu haifai?"

Nikakiinua kwa mikono miwili, nikakimaliza, nikamrudishia kitupu pamoja na pesa yake. Akaikunja, akaitia mfukoni, akawaambia wote kwamba yeye alijua tangu mwanzo kuwa nitafika.

Sikubishana naye. Nilikuwa nimechoka.