Gunia Alilobeba Tegwen

Wifi yangu Tegwen Prosser hakuolewa, na mwanamume yeyote aliyethubutu kumwuliza sababu alijibiwa kwamba tayari ana Idwal. Watu walicheka, kwa kuwa Idwal Pugh alikuwa na mke na wajukuu, na tena alikuwa mzee wa kanisa. Lakini Tegwen hakuwa akitania sana. Kwa miaka ishirini na sita wawili hao walivua pamoja kwenye bwawa lililo chini ya maporomoko ya mto Gwelwy, pale maji yanapomaliza kuruka mawe na kuanza kunusa bahari. Kila mmoja alikuwa na kidau chake cha duara, cha fito na turubai lililopakwa lami, na kati yao wavu mmoja. Mkono huu unapiga kafi, mkono ule unashika kamba. Mwenzako akiachia upande wake, wewe umebaki na tambara.

Mimi niliolewa na kaka yake Tegwen, marehemu Emrys, nikaingia katika ukoo wa wavuvi huku nikiogopa hata beseni. Emrys mwenyewe akikaa kwenye kidau alishikwa na kizunguzungu, kwa hiyo baba mkwe alipozeeka leseni yake ilikwenda kwa binti. Wenzake walimjia juu.

"Prosser, bwawa unampa mwanamke?"

"Nampa anayejua kuogelea," akasema. "Nyinyi nyote mkitumbukia mnalia."

Tegwen alikuwa wa nne katika ukoo kushika leseni ile, na hakuwa na jambo lingine duniani. Nyumba yake ilinuka lami. Mikono yake ilikuwa na sugu kuliko ya fundi seremala. Nilimtafutia wachumba wawili, mmoja mwenye shamba la kondoo mia tatu, na wote aliwaacha wakimsubiri kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha na mto umegeuka rangi ya chai. Maji yakiwa meusi hivyo samaki haoni wavu, na unavua mchana kweupe.

Sasa kuna desturi yao moja ambayo ni lazima niitaje, maana ndiyo iliyommaliza. Samaki mnaowavua hawabebwi na aliyewatoa majini. Mwenzako anawatia kwenye gunia, analifunga, na wewe unalibeba hadi nyumbani mnakogawana. Hapo hakuna wa kusema huyu ni wangu. Na gunia alilofunga mwenzako hulifungui njiani hata likikuvunja bega. Kulifungua ni kumwita mwizi mbele ya mto mzima.

Miaka ya karibuni serikali ilitoa amri kwamba samoni wote warudishwe majini, wabaki trauti tu. Tegwen alilalamika wiki nzima, kisha akatii. Alikuwa akimshika samoni kwa mikono miwili, anamwelekeza kichwa kwenye mkondo, anamngoja apate pumzi. Mara nyingine aliongea naye. "Nenda zako, bibi, usije ukanifungisha."

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa saba. Walishuka bwawani mara sita. Mara ya tano Tegwen alihisi wavu umetikiswa vibaya upande wa Idwal.

"Nini hicho?"

"Gogo tu," akasema Idwal, akiwa amempa mgongo.

Hakuuliza tena. Idwal akafunga gunia, Tegwen akajitwika begani na kutangulia, kila mmoja na kidau chake mgongoni. Darajani alikuwa amesimama askari wa mto, kijana wa mjini mwenye adabu zake, akaomba aone. Tegwen akamwambia afungue mwenyewe, yeye si kazi yake. Chini ya trauti watatu, amefungwa kwa gazeti, alikuwemo samoni wa kilo tano, ameshavunjwa kichwa.

Tegwen akageuka. Idwal alikuwa nyuma yake hatua ishirini hivi. Mtu aliyebeba kidau huonekana miguu tu, kama kobe aliyesimama. Ile miguu ilisimama kidogo. Kisha ikakata kona, ikashika njia ya makaburini.

Jioni nilikwenda kwa Tegwen nikitoa moto puani. Ilishajulikana kijiji kizima kwamba binti mkubwa wa Idwal anabatiza mtoto Jumapili, na wakwe wanatoka mbali, meza yao haikosi kutaka samoni.

"Mtaje," nikamwambia. "Mtaje kesho asubuhi, wifi, kabla hawajakuandikia mashtaka."

"Atajitaja mwenyewe."

"Na asipojitaja?"

"Ni Idwal," akasema, akanitazama kana kwamba nimeuliza kama jua litachomoza.

Wiki tano zilipita na hakujitaja. Kanisani alikaa mbele kama kawaida na kutoa sala ndefu. Muuza nyama alimwuliza Tegwen mbele ya watu, "Dada, samoni unauzaje leo?" Tegwen akamjibu kwamba kwake yeye ni bure, akalete gazeti. Alikuwa bado ana moyo wa kujibu. Niliamini hata mimi, Mungu anisamehe, kwamba yule mzee anajikaza tu hadi siku ya kesi.

Siku ya kesi hakimu alimwuliza Tegwen samaki yule ni wa nani. Akasema, "Alikuwa kwenye gunia nililobeba." Basi. Idwal akaitwa, akaulizwa anajua nini. Alikuwa amevaa suti ya mazishi. Alimtazama hakimu usoni, si sisi.

"Kila mtu na gunia lake, mheshimiwa."

Kikulacho ki nguoni mwako, hiyo niliisikia tangu utotoni, lakini sikuwahi kuona uso wa mtu anapong'atwa. Tegwen hakulia. Leseni ilifutwa asubuhi ile ile, kwa maisha yake yote. Kufikia mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata, jina lililobandikwa mahali pa Prosser kwenye orodha ya leseni lilikuwa la mkwe wa Idwal, baba wa yule mtoto wa ubatizo.

Wiki hiyo hiyo Idwal alikuja. Nilikuwa jikoni kwa Tegwen namenya liki, vile vitunguu virefu vya supu, nikamwona akivua kofia mlangoni, nikatamani kisu kiwe kikubwa zaidi. Alitaka wavu. Ulikuwa umesukwa na baba mkwe, na wa dukani, akasema, haushuki vizuri kwenye bwawa lile, wavu wa mzee unajua njia.

"Utaupata," Tegwen akasema. "Ni wako nusu."

Idwal akaanza kushukuru.

"Sema tu kwanza. Sikupeleki popote, mambo yamekwisha. Sema hapa yule samoni alikuwa wa nani."

Idwal akanitupia jicho. Nikaelewa. Nilichukua kapu la nguo nikatoka uani, na nakiri sikwenda mbali, na dirisha lilikuwa wazi. Nilimwombea yule mzee. Kwa hasira zangu zote nilimwombea aseme, maana sikio lililokuwa likimngoja mle ndani nililijua, na lingemsamehe kabla hajamaliza neno.

Kisha nikasikia sauti yake, ya upole, ile ya kuombea wagonjwa.

"Alikuwa wako, Tegwen. Naona umesahau."

Hapakuwa na hakimu mle, wala mke wake, wala mimi. Alimwambia hivyo wakiwa wawili tu, naye aliamini anachosema. Nilisimama na shuka mbichi mikononi.

Sikusikia kiti kikisukumwa, wala kelele. Nilisikia birika likiwekwa juu ya jiko, kabati likifunguliwa, kikombe kikiwekwa juu ya kisahani, vile vya maua ambavyo Tegwen huwatolea wageni.

"Unatumia sukari, Bwana Pugh?"

Idwal alikuwa amekunywa chai mle jikoni miaka ishirini na sita, vijiko viwili vya sukari, bila kuulizwa hata siku moja.