Feza Hakulia

Mwanangu, ningali naiona siku ile lori lilipotupindukia njiani kutoka Moba kwenda Kalemie. Nilikuwa msichana, binti wa mwalimu, mwenye maringo kuliko akili. Kando yangu, juu ya magunia ya maharage, aliketi Feza, mama kijana aliyekimbia vita kwao akawa anaishi kambini nje ya Kalemie. Tuliangukia upande mmoja, na sote wawili tukavunjika mguu.

Hospitalini nilipiga mayowe hadi watu wakajaa mlangoni. Daktari alimjua baba. Alinisemesha Kifaransa, nikachomwa sindano ya maumivu, nikapewa kitanda. Feza alilazwa kwenye mkeka, pembeni. Jasho lilimtiririka usoni, lakini aliuma kitenge chake, akatulia.

Nikamsikia muuguzi akisema, "Huyu wa kambi atangoja. Hao wamezoea taabu."

Nami, Mungu anirehemu, niliona ni kweli. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Jioni shangazi yangu aliniletea bugali na ndagala, vile visamaki vya ziwani. Kabla hajanipa, aliinama kwenye ule mkeka.

"Mama, inauma?"

"Inauma sana, mama," Feza alinong'ona. "Lakini nikilia watasema niko nasumbua. Watanifukuza."

Shangazi akanigeukia. "Na weye? Uko na mudomo, uko na Kifaransa. Tangu asubuhi ulinyamazia nini?"

Niligeuzia uso ukutani. Alitoka, na sauti yake ikasikika hadi uani. Akarudi na daktari. Feza alichomwa sindano, akapata usingizi. Lakini mguu wake ulikuwa umevimba mno, ukachelewa kuungwa, na mfupa ukashikana vibaya.

Miaka ikapita. Nilimkuta sokoni akiuza samaki, anachechemea. Nilitaka kumwomba msamaha. Yeye akaniwahi.

"Mama, na ule muguu wako, ungali unauma?"

Swali hilo, mwanangu, mimi sikuwahi kumwuliza. Nikajibu, "Kidogo tu," nikachukua samaki wangu nikaondoka, aibu imenifunga kinywa. Niliporudi kumtafuta, wenzake waliniambia ameshapanda treni ya Kabalo, amerudi kwao. Majuto ni mjukuu. Wangu amekua, nami ningali nambeba.

Sasa wewe unajifunza uuguzi, ndiyo maana nakusimulia. Usipime maumivu ya mtu kwa nguo zake, wala kwa lugha yake, wala kwa ukubwa wa kilio chake. Mwenye jina hulia akasikilizwa. Maskini hufundishwa na dunia kunyamaza, kisha tukasema haumwi. Wewe muulize. Akikujibu, msadiki. Na ukiona mwenzako amepitwa, sema siku hiyo hiyo, maana kesho huenda usimkute.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe masikio ya kumsikia asiyelia, mikono yako iwe laini juu ya kila kidonda, na siku utakapoumwa wewe, asikosekane wa kuinama kukuuliza.